Kurasa Zilizokauka kwenye Kamba

Kaye langu, yaani daftari langu, ni la vipimo. Mbele kuna mabega, viuno na mikono ya watu wa Lubunga. Nyuma, nikianzia ukurasa wa mwisho na kurudi, ndiko ninakoandika mambo ya nyumbani. Siku moja mbele na nyuma zitakutana katikati, na sijui nitafanya nini.

Mimi ni mshonaji. Niliishia darasa la nne la sekondari, sehemu ya kukata na kushona, kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee maneno makubwa. Kifaransa ninakisoma kwa sauti polepole, neno moja kisha lingine, na nikifika mwisho wa sentensi mara nyingi inabidi nirudi mwanzo kuona ilikuwa inasema nini.

Nataka kuandika juu ya mwaka ambao mume wangu alianza kusomea masta ya utawala wa serikali, na juu ya kosa nililolifanya mimi. Nimeahirisha sana. Kila nikianza, naona ama najitia hatia kuliko nilivyokuwa nayo, ama najipamba. Nitajaribu kusema kilichotokea tu.

Mume wangu ni mtu wa dirisha. Kila asubuhi anavuka mto kwenda mjini, kwenye ofisi ya komine moja, yaani wilaya ya mjini, anakaa nyuma ya dirisha la watoto wanaozaliwa, na anaandika: jina, siku, mama, baba. Amepita miaka hamsini. Wakuu wamekuja na kuondoka juu ya kichwa chake, wengine vijana, na yeye amebaki na kalamu yake. Alipojiandikisha chuoni nilimuuliza anatafuta nini huko. Nilifikiri atasema cheo.

"Miaka yote mi niko naandika tu," akasema. "Nataka kujua ju ya nini ofisi inafanya vile inafanya."

Cheo nacho alikitaka, nisimfanye malaika. Lakini hilo ndilo alilolisema kwanza.

Darasani wenzake walikuwa wadogo wake, wengine sawa na binti yetu mkubwa. Wakampa jina la Doyen, yaani mkubwa wa wote, kwa umri, na nadhani kwa upendo pia, kwa sababu walimwekea kiti cha mbele kisichoyumba. Masomo mengine alifaulu. Lile la usimamizi wa huduma za umma lilimshinda. Lilifundishwa asubuhi, saa zilezile za dirisha, na mara nyingi alifika profesa akiwa anafuta ubao. Profesa huyo hakuwa mbaya. Alimruhusu aingie hata kwa kuchelewa, jambo ambalo wengine hawakumruhusu. Lakini kazi asiyoileta aliiandikia sifuri, kama ya mtu yeyote. Sesheni ya kwanza ya mitihani, mume wangu alishindwa.

Ikabaki sesheni ya pili, mtihani wa mdomo. Akishindwa tena, anatolewa katika promosheni, yaani kundi la mwaka wake. Na mkuu wake wa kazi alishamwambia mapema, bila hasira, kwamba barua ya ruhusa ya kusoma anaandika moja kwa kila mtu. Ya pili haipo. Hivyo sote nyumbani tulijua: ni siku moja, mbele ya profesa mmoja, na baada ya hapo ama anaendelea ama anarudi dirishani mpaka pensheni.

Sasa niseme jinsi tulivyosoma, kwa sababu kosa limetoka hapo.

Macho yake yamechoka na madaftari. Karatasi za silabusi, yaani kitabu cha somo ambacho profesa huandika na wanafunzi hupiga fotokopi, zilikuwa hafifu, fotokopi ya fotokopi. Basi mimi ndiye niliyesoma. Alikuwa anarudi saa kumi na moja, anaoga, anakula lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki akiwepo, kisha anakaa barazani kwenye kigoda na kufumba macho. Mimi nilikuwa kwenye mashine, karatasi nimezibana kwa mkasi ili upepo usizichukue. Nasoma kipande, yeye anarudia, mimi naendelea kushona huku nikifuata kwa jicho. Akikosea, naacha kukanyaga. Hatukupanga hivyo, ilitokea yenyewe. Mashine ikinyamaza alijua amekosea, anarudi nyuma, anajaribu tena, mpaka mashine iimbe.

"Mama, nimekosa wapi?" anauliza, macho bado yamefumbwa.

"Umeruka kitu moja."

"Usiniambie."

"Sikuambii."

"Niambie herufi ya kwanza tu."

"Papa, Profesa atakupa herufi?"

Majirani walizoea. Jirani yetu mmoja, papa wa familia moja ya zamani ya Waislamu, fundi wa vitanda, alikuwa akipita na kusema, "Leo mashine imenyamaza mara ngapi?" Mume wangu hujibu, "Leo ni uzi ulikatika, papa. Hapana mi."

Kama wiki mbili kabla ya mtihani, akirudi jioni, chombo kikubwa cha injini kilipita karibu na mtumbwi wao na mawimbi yakaingia. Hakuna aliyeumia. Mkononi alikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, alivyoahidi kuwaletea mama zao huku ng'ambo. Aliviingiza ndani ya shati, akakumbatia kifua kwa mikono miwili. Mfuko wake ulikuwa chini, kwenye maji. Vyeti vilifika vikavu. Silabusi ilifika kama mboga iliyopikwa.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kama angefanya kinyume, nafikiri. Sina hakika.

Nilitenganisha karatasi moja moja kwa kijiti cha kugeuzia mishipi, nikazianika kwenye kamba kwa vibanio, kati ya vitenge vya mteja. Zilikauka siku moja na nusu. Zikawa ngumu na za mawimbi, lakini zinasomeka, isipokuwa nyingine zilizokatika juu, mistari miwili mitatu imepotea na maji. Namba za kurasa hazikuwepo kabisa. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekata chini, pale namba zinapokaa, na hatukuwahi kulifikiria kwa sababu zilikuwa zimefungwa pamoja.

Mume wangu alizitazama zikiwa rundo kitandani, akachukua viatu vyake.

"Panga tu, Mama," akasema. "We njo unazijua." Yaani, mimi ndiye ninayezijua.

Na ni kweli nilizijua, au nilifikiri hivyo. Kurasa nyingi zilijieleza zenyewe: sentensi iliyokatika hapa, mkia wake uko pale. Nilifanya kazi hiyo kama ninavyounganisha vipande vya nguo iliyofumuliwa, na nilifurahi, nisifiche. Mwisho zikabaki karatasi tano. Zilikuwa hatua tano za kuboresha kazi ya ofisi, na kila hatua ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yake yenyewe, imeanza na kuisha hapo. Hazikushikana kwa sentensi. Na zote tano zilikuwa zimekatika juu.

Nilizisoma mara nyingi. Moja ilisema mwenye mamlaka anaamua nini kibadilike. Moja, kupanga mpango. Moja, kugawa watu na vifaa. Moja, kutekeleza. Moja, kuwasikiliza wale wanaoitumia ofisi, wanateseka wapi na wanahitaji nini. Nne zilijipanga zenyewe. Hii ya kusikiliza nikabaki nayo mkononi.

Nikajiuliza, mimi nafanyaje? Mtu akija, kwanza namsimamisha, nachukua utepe, nampima. Sikati halafu nikaenda kumuuliza mwili wake ulivyo. Nikaiweka ya kwanza. Haikunichukua muda, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikusita hata kidogo. Nikazifunga kwa uzi wa jinzi.

Jioni ile nilipomsomea, alifumbua macho.

"Ile njo ya kwanza?"

"Njo ya kwanza."

"Kusikiliza batu?"

"Imeandikwa."

Akatabasamu peke yake. "Bon. Kumbe Profesa iko mutu muzuri."

Kuanzia siku hiyo alilipenda somo. Nimeliona hilo kwa macho yangu na ndiyo maana ninaliandika, ingawa linanihukumu. Kabla ya hapo alikuwa anarudia kama mtu anayemeza kwinini. Sasa alianza kuongeza mifano yake: mama huyu aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni, yule aliyerudishwa mara mbili. Mashine haikunyamaza tena sana. Alimpenda hata profesa mwenyewe, alimtetea mbele ya wenzake waliomlalamikia, na yote hayo kwa ajili ya karatasi niliyoiweka mahali pasipo pake.

Asubuhi ya mtihani alivaa shati jeupe nililolipiga pasi usiku wake, akavuka mapema kwa kuwa jina lake lilikuwa juu ya orodha. Saa mbili hivi akaja mwenzake wa darasa, mama mmoja mzaliwa wa Isangi anayefanya kazi ofisi ya afya. Yeye jina lake lilikuwa chini, alikuwa na muda. Nilikuwa nimemshonea koti la kitenge kwa ajili ya siku ile.

"Yaya, koti yangu iko?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Iko. Vaa nione mabega."

"Mabega iko muzuri. Ni kichwa njo haijapona."

Aliweka mfuko juu ya mashine ili avae. Silabusi yake ilikuwa inachungulia, imefungwa kwa waya wa plastiki, safi, namba ziko chini ya kila ukurasa. Niliifungua kwa wivu tu, nione karatasi kavu zinavyokaa. Nikafika kwenye hatua. Ya kwanza: mwenye mamlaka anaamua. Nikageuza. Nikageuza tena. Kusikiliza ilikuwa ya tano, na juu, kwenye ile mistari ambayo kwangu ilikatika, iliandikwa kwamba hii ni hatua ya mwisho na ya kufunga kazi.

Nilimwambia jinsi nilivyozipanga zangu. Alisimama na koti mkono mmoja umeingia, mmoja bado.

"Doyen anajua?"

"Anajua vile nilimusomea."

"Na akiulizwa hatua?"

"Atataja vile."

Akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Hatua anauliza kila mwaka, yaya. Njo swali yake ya kwanza."

Tulivuka. Mtumbwi ulikuwa unasubiri ujae na sisi hatukuwa na la kufanya ila kusubiri nao. Ng'ambo tukapanda toleka, baiskeli za kubeba watu, kila mmoja yake, na yule mama akamwambia mwendeshaji wake, "Papa, kanyaga kidogo, tuko na examen."

"Examen ya batoto yenu?"

"Ya yetu."

Yule papa akageuza shingo kututazama wote wawili, umri wetu na makalio yetu. "Basi mushikilie," akasema, na kweli akakanyaga.

Sikuwa na mpango. Nilifikiri nitamkuta kwenye foleni, nimnong'oneze: ile ya kwanza ni ya tano. Maneno hayo machache tu. Lakini tulipofika kwenye korido, wanafunzi waliokuwa kwenye benchi walimwambia mwenzangu, "Doyen ameingia sasa hivi." Mlango wa ofisi ya profesa ulikuwa umezuiwa kwa tofali ubaki wazi, kwa sababu umeme haukuwepo na joto lilikuwa kali. Tukakaa kwenye benchi. Nilimwona mume wangu kwa nyuma, kola ya shati, na shingo yake ikiwa imenyooka kama ya mtu anayepimwa.

Profesa aliongea Kifaransa. Ninaandika nilivyosikia mimi, na kama nimekosea neno, anisamehe.

"Hatua tano za kuboresha huduma ya ofisi. Zitaje kwa utaratibu."

Mume wangu alitaja. Alianza na kusikiliza. Alitaja vizuri, kwa sauti ya barazani, na mimi huku nje mguu wangu ulikuwa unakanyaga sakafu peke yake.

Profesa akanyamaza. Mguu wangu nao ukasimama.

"Rudia ya kwanza."

"Kuwasikiliza wanaotumia ofisi, Profesa."

"Mimi nimeandika hivyo?"

"Ndiyo, Profesa. Iko ndani ya silabusi."

Nikasikia droo inafunguliwa, kurasa zinageuzwa. "Soma hapa," profesa akasema. Mume wangu macho yake hayasomi karibu. Aliinua karatasi, akaisogeza mbali kwa urefu wa mkono, na hapo nikajua amejua.

"Nimekosea, Profesa," akasema. "Silabusi yangu ililowa mtoni. Kurasa zilichanganyika."

"Nani alizipanga?"

Nilikuwa nimeshasimama. Yule mama wa Isangi alinishika kitenge changu kwa nyuma, akavuta chini.

"Ni mimi," mume wangu akasema.

Huo ni uongo na mimi siusifu. Niliusikia kwa masikio yangu. Lakini nimekaa naye miaka mingi na sikumbuki siku nyingine ambayo amedanganya haraka hivyo.

Profesa akachukua kitabu chake. "Basi una njia mbili," akasema. "Urekebishe utaratibu wako, twende swali la pili. Au uutetee."

Mtu mwenye akili angerekebisha. Mimi ningerekebisha. Mume wangu akakohoa.

"Pale dirishani kwetu, Profesa," akasema, "waliamua kuhamisha dirisha la watoto wapya ghorofani, kwa kuwa chini kuna kelele. Uamuzi ulikuwa mzuri. Mpango ulikuwepo, meza ilipandishwa, nami nikapandishwa nayo. Mwisho ndipo wakaweka sanduku la maoni, wasikilize watu. Mama aliyejifungua juzi hapandi ngazi zile. Wengi walirudi nyumbani. Na hayo hawakuyaandika sandukuni, kwa sababu sanduku liko juu."

Kwenye benchi mtu alicheka kwa pua.

"Na sanduku lilifunguliwa?" profesa akauliza.

"Ufunguo, mkuu wa zamani alihama nao."

Profesa akasogeza kiti. Nilifikiri amekasirika, lakini alikuwa anakaa vizuri. "Sikiliza na wewe," akasema. "Ukianza kwa kuuliza watu kabla ya kujua sheria inakuruhusu nini, watakuomba usichoweza kutoa. Utawaambia ngoja. Watangoja. Mara ya pili hawatakujibu, na ya tatu watakutukana, na watakuwa na haki. Ndiyo maana nimeweka mamlaka mbele."

"Hiyo ni kweli, Profesa," mume wangu akasema. Alisema bila kubana, kama mtu aliyepewa kitu. Kisha akasahau Kifaransa. "Lakini bibi yangu iko mushonaji. Anapima mutu mbele ya kukata."

Nilitaka benchi linimeze. Na profesa naye akaacha Kifaransa.

"Anapima mbele ya kuona kitambaa?"

"Profesa?"

"Kama kitambaa iko metre mbili tu, anapima mutu koti ndefu ju ya nini? Mushonaji wa kweli anauliza kwanza: kitambaa iko wapi, iko ngapi."

Hapo nilijiona. Kwa sababu ni kweli. Kabla sijagusa utepe, kila mara, ninasema lete kitambaa nikione. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na siku ile nilipokaa kitandani na karatasi mkononi sikulikumbuka. Hata kwa kazi yangu mwenyewe nilikosea.

Mume wangu akasema, taratibu:

"Kitambaa, ni mwenye kuvaa njo analeta, Profesa."

Ndivyo ilivyo kwetu. Hakuna mshonaji Lubunga mwenye kitambaa chake; mteja anakuja nacho chini ya kwapa. Profesa akaandika kitu, sikuona nini.

"Swali la pili," akasema, kwa Kifaransa.

Maswali mengine alijibu kawaida, moja alilijibu nusu. Alipotoka na kunikuta pale kwenye benchi, hakushtuka. Alimwambia mwenzake, "Koti imekukaa," akanishika mkono, tukateremka.

Kwenye mtumbwi nilimwambia yote, karatasi tano, utepe, silabusi ya yule mama. Alikuwa anatazama maji.

"Nilijua pale alinipa kitabu yake," akasema.

"Ju ya nini hukusema ni mimi?"

"Ningesema nini? Profesa, mwalimu yangu iko nyumbani, anashona?"

"Ungesema kweli."

"Ile karatasi mi niliipenda kuwa ya kwanza," akasema. "Hata kama ungeniambia jana, sijui kama ningeirudisha."

Haikunituliza. Aliyekuwa hatarini ni yeye, na aliyepanga ni mimi, na mtu kusema kwamba amependa kosa lako hakuliondoi. Siku zilizofuata nilishona vibaya. Nilimwekea mteja mkono wa kushoto kulia, nikafumua.

Matokeo yalibandikwa ubaoni baada ya siku chache, na tulikwenda pamoja. Yule mama wa Isangi, aliyejibu kwa utaratibu wa kitabu, alikuwa na kumi na nne, na alizistahili. Mume wangu alikuwa na kumi na moja kwa ishirini. Amepita. Wenzake walimzunguka, wakampiga mgongoni, "Doyen, Doyen," na mmoja akamuuliza kama dirisha limeshashuka chini. Halijashuka.

Mimi nilikuwa nimesimama kando, na profesa akapita kwenye korido, na faili kifuani. Sikuwa nimepanga. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni nani, na kwamba kurasa nilizipanga mimi, mume wangu hakuzigusa.

Alinitazama juu ya miwani. Ni mtu mfupi kuliko sauti yake.

"Nilijua, mama," akasema. "Mutu wa ofisi, kurasa zikimuchanganyikia, hapana kuanza na batu. Ataanza na mukubwa."

"Basi ulimukata alama ju ya uongo?"

"Nilimukata mbili ju ya mupangilio. Mupangilio haiko sawa, na haiko sawa mupaka leo." Akahamisha faili upande wa pili. "Uongo sikuuandika pahali."

Akaenda zake. Nimeliandika hilo kama alivyolisema, kwa sababu tangu hapo nimelitafakari sana na sijui kama kuna mtu wa kumlaumu. Alama mbili zilienda kwa sababu yangu. Kama alipata nyingine kwa sababu yangu, kwa kile alichokisema juu ya dirisha na ngazi, profesa hakuniambia, nami sikuuliza. Labda angezipata vilevile, na hizo mbili juu yake, kama ningejua kupanga karatasi tano.

Sasa yuko mwaka wa pili. Juzi amerudi na silabusi mpya, fotokopi ileile iliyokatwa chini, akaiweka juu ya mashine na kukaa kwenye kigoda, macho tayari yamefumbwa.

"Hapana," nikasema. "Andika namba kwanza."

"Mama, haijalowa."

"Andika."

Akachukua kalamu ya ofisi. Aliandika namba ukurasa kwa ukurasa, karatasi ameishika mbali kwa urefu wa mkono, ulimi umetoka kidogo upande kama anavyofanya akiandika jina gumu la mtoto. Mimi nilikuwa nashona mifuko ya suruali. Karibu na mwisho akaacha kuandika, karatasi moja mkononi, haina kichwa, haina mkia.

"Na hii? Ku fotokopi waliangusha karatasi. Inaingia wapi?"

Niliitazama. Nilikuwa na wazo, na lilikuwa zuri.

"Muulize Profesa," nikasema, nikaendelea kukanyaga.